Kiswahili Kina Wenyewe

Hotuba niliyoitoa Nairobi, Julai 7, mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa Kiswahili

Wazee wangu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliojazana pale nyuma karibu na mlango, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya lugha na kabila. Kila tarehe hii, Siku ya Kiswahili Duniani, tukikutana, kuna kauli moja ambayo haikosi, na leo nimeisikia mara tatu kabla sijapewa nafasi: kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na kabila. Tunaisema kwa nia njema. Mimi mwenyewe nimeiandika ubaoni miaka mingi, nikawapa watoto insha waitetee. Leo nimesimama hapa kuikana, na naomba mnivumilie nieleze nimefikaje hapo.

Nilizaliwa hapa hapa Eastlands. Baba alikuwa Mmaragoli wa Vihiga, mama Mkamba wa Machakos. Walikutana Nairobi, na lugha waliyokuwa nayo wote wawili ilikuwa Kiswahili tu. Baba aliombea chakula kwa Kimaragoli. Mama alihesabu pesa kwa Kikamba, anazipanga sarafu juu ya stuli moja moja, midomo inacheza bila sauti. Lakini waligombana kwa Kiswahili, wakapatana kwa Kiswahili, na sisi watoto tukalelewa kwa Kiswahili hicho, chenye ngeli zilizopinda, ambacho mtu wa pwani akikisikia anafumba macho. Najua wengi wenu mmelelewa vivyo hivyo. Ukiulizwa lugha yako ya mama ni ipi, unasita, kwa sababu lugha ya mama yako siyo ile aliyozungumza nawe.

Desemba tukipelekwa mashambani, binamu zetu walituita "Waswahili". Halikuwa jina la heshima. Lilikuwa na maana ya watu waliopotea, wasio na kwao, wenye maneno mengi. Na hapa mjini hatujambo: mtu akizungukazunguka badala ya kujibu, tunamwambia, "Wacha Kiswahili mingi!" Hebu fikirieni sentensi hiyo ikisemwa kwenye matatu, na kiti cha mbele ameketi mama wa Lamu na mtoto wake.

Nitawasimulia jambo la Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi. Huwa sipendi kulisimulia.

Tulikuwa tumejifungia ndani siku tatu, unga umekwisha. Nikatoka kutafuta duka lolote lililofunguliwa karibu na barabara ya Juja. Kwenye kona moja vijana walikuwa wamepanga mawe na tairi, wanataka vitambulisho. Changu nilikuwa nimekiacha nyumbani makusudi, maana jina langu linasema jambo moja na uso wangu, watu husema, unasema jingine. Wakaniuliza, wewe ni mtu wa wapi? Nikajibu kwa Kiswahili kwamba mimi ni wa hapa, nimezaliwa hapa. Mmoja wao, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, akasema bila hata kupandisha sauti: "Kiswahili ni cha kila mtu. Ongea lugha ya kwenu."

Sikuwa nayo. Kimaragoli changu ni cha salamu na matanga. Kikamba changu ni cha kubembelezea mtoto mchanga. Nikasimama pale mdomo wazi. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa mtaa, Mnubi, ambaye asubuhi nyingi nilikuwa nikinunua mandazi kwake. Alitoka kwenye lango lake, leso begani, akasema, "Huyo mwanangu, mwacheni apite." Akanishika mkono akanivusha. Tulipofika upande wa pili ndipo nilipohisi kwamba mkono unaotetemeka ni wake.

Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika machafuko yale. Nimelitafakari sana jibu la kijana yule, na kila nikilitazama naona ni maneno yetu wenyewe, yale yale ya majukwaani, ila yeye aliyasemea kwenye kizuizi cha barabarani. Kiswahili ni cha kila mtu; basi si chako wewe. Mradi tunakisifu kwa kukosa mwenyewe, anayekitumia kama lugha yake ya pekee hana cha kuonyesha akiulizwa kwao ni wapi.

Miaka michache baadaye nilipata funzo la pili, na hili nilimfanyia mtu mwingine ubaya kwa mkono wangu. Nilikuwa nasahihisha insha. Kulikuwa na mvulana aliyehamia shule yetu kutoka Mombasa, Mji wa Kale, wazazi wake wamekuja kufanya biashara hapa. Aliandika juu ya nyanya yake, na sentensi moja naikumbuka neno kwa neno: "Nyanya aliteka hata matozi yakamtoka mato yote mawili." Nikachukua kalamu nyekundu. Nikazungushia duara *aliteka*, nikaandika *alicheka*. Nikazungushia *matozi*, nikaandika *machozi*. Nikazungushia *mato*. Ukurasa ukawa kama uliopigwa surua. Nikampa 18 kwa 40, na kando nikaandika: "Jifunze Kiswahili."

Siku ya pili mama yake alikuja shuleni. Buibui, mkoba mdogo, daftari mkononi. Akanisalimu kwa adabu yote, akaulizia hali ya nyumbani kwangu, kisha akafungua ule ukurasa. "Mwalimu, samahani. Mwanangu hapa amekosa nini?" Nikamweleza. Akaisoma ile sentensi kwa sauti, polepole, na kwa mara ya kwanza niliisikia inavyosikika kwa mwenye nayo. Akasema: "Kwetu ndivyo tusemavyo, na ndivyo walivyosema wazee wetu. Ukitaka aandike kama muandikavyo nyinyi, mfundishe, si vibaya, ndiyo sababu tumemleta shule. Lakini usimwambie ajifunze Kiswahili. Ni nani atakayemfundisha Kiswahili nyanya yake?"

Sikuwa na jibu, na si kwa sababu ya adabu. Nilikuwa mwalimu wa lugha ile kwa miaka, na sikuwahi kujiuliza kwa nini *macho* ni sahihi na *mato* ni makosa.

Jibu lake linajulikana. Mwaka 1928 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliita mkutano wa kuchagua lahaja moja ya kuandikia vitabu vya shule. Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, ndicho kilichochaguliwa, na Januari 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Sasa sikilizeni mahali mkutano huo ulipofanyiwa: Mombasa. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilishindwa kikiwa kwao. Lugha ambayo Muyaka bin Haji aliitungia mashairi ya siasa na mapenzi karne moja kabla, mashairi yaliyojibizana na watawala, ikawa kuanzia hapo ni lugha ya kuzungushiwa duara. Na si maneno tu. Mtu wa Mombasa akitamka *tembo* la kunywa na *tembo* mwenye mkonga, unasikia tofauti: yule mnyama ana pumzi kwenye t. Tahajia yetu sanifu haina alama ya pumzi hiyo, kwa hiyo mtoto wa Mvita anaingia darasani na sauti ambazo kitabu hakizijui, naye mwalimu aliyezaliwa Eastlands anamkosoa.

Sisemi kusanifisha kulikuwa kosa. Bila hivyo nisingekuwa na kazi, wala vitabu visingetoka Nairobi vikasomwa Dodoma na Bujumbura. Nasema usanifu ulikuwa uamuzi wa watu mezani, mwaka fulani, kwa sababu zao. Anayezungumza lahaja ya nyumbani kwao hajakosea.

Nilimuuliza yule mama kabila lake, kwa mazoea tu, maana fomu za shule zilikuwa zinauliza. Akasema, "Mimi Mkilindini." Nikaandika, kumbe sikuelewa. Niliulizia baadaye. Mombasa kuna Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambao ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa na Wabajuni. Hebu angalieni majina yale. Pate iko Lamu. Faza iko Lamu. Ni watu waliohama kutoka miji ya kaskazini, wakapokewa Mombasa, wakawa taifa kati ya mataifa ya mji bila kuacha jina la walikotoka. Na mataifa hayo yalikuwa na mapatano na udugu na Wamijikenda wa bara ya karibu.

Hilo neno *taifa* limenikaa moyoni. Sisi huku tunasema "lugha ya taifa" tukimaanisha nchi nzima. Kwa mtu wa Mombasa, taifa ni ukoo wake, mtaa wake, kaburi la babu yake.

Nikiwaeleza walimu wenzangu haya, kuna wanaonijibu: basi hao si kabila moja, ni vijimji vingi vilivyokusanywa chini ya jina la Kiarabu, *sawahil*, pwani. Ni kweli jina limetoka huko, na ni la zamani. Ibn Battuta alilitaja alipopita Mombasa akielekea Kilwa mwaka 1331. Lakini ndugu yangu, ikiwa kukusanywa chini ya jina moja kunamnyima mtu ukabila, tuanzie nyumbani kwangu. Jina Waluhya lilishika karne iliyopita tu. Babu yangu alizaliwa Mmaragoli, akafa Mluhya. Jina Kalenjin, yaani "nakwambia", lilienea miaka ya 1940. Mijikenda nalo ni la nyakati hizo hizo. Hakuna anayewaambia Wakalenjin kwamba hawapo kwa kuwa kuna Wanandi na Wakipsigis na Watugen. Waswahili peke yao ndio wanaodaiwa wathibitishe.

Ukoloni una mkono wake hapa. Serikali ile iliwaweka watu kwenye mafungu, Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika, kila fungu na kodi yake na haki zake, na Mswahili akawa hana fungu linalomtosha. Baadhi ya Waswahili wa Mombasa walipigania kwa miaka mingi waandikwe Waarabu ili waepuke masharti aliyotwishwa Mwafrika. Baada ya uhuru tukawageuzia hilo: si mlisema nyinyi ni Waarabu? Mtu alikuwa anatafuta mlango kwenye nyumba aliyojengewa na mwingine, na mpaka leo tunamsimanga kwa mlango aliogonga.

Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi katika miji ya pwani, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwingine. Walikuta mchanganyiko ulioanza kama miaka elfu moja iliyopita. Kwa upande wa mama, asili ilikuwa kwa sehemu kubwa sana ya Kiafrika. Kwa upande wa baba, mara nyingi ilikuwa ya Uajemi. Niliposoma hivyo nilimfikiria mama yangu na sarafu zake. Maana angalieni lugha iliyobaki. Akina baba walikuja na Kiajemi chao na majina yao makubwa, na watoto wakasema *mtu* kama Mgiriama anavyosema *mutu*, Mkamba *mundu* na Mkisii *omonto*. Wageni walileta maneno mengi, tunayo. Lakini sarufi, ule uti wa mgongo wa sentensi, ni wa akina mama waliowapokea. Nyumba za mchanganyiko ndizo zilizokitunza Kiswahili tangu mwanzo. Kwa hiyo mtoto wa Jericho au Kaloleni, mitaa ya hapa Eastlands, baba huku mama kule, anayezungumza Kiswahili kwa kuwa ndicho pekee kilichotosha nyumba nzima, hakuvamia lugha ya watu. Anarudia jambo la kale kabisa.

Hata hapa Nairobi lilirudiwa mapema. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na nyuma yake wakaja wapagazi, askari, wafanyabiashara wa pwani, na wanawake waliokimbia mambo ya kwao. Katika vijiji kama Pangani, na baadaye Pumwani, mtu wa kabila lolote aliweza kuhamia, akasilimu, akaoa au kuolewa, akapata majirani wa kumzika, na taratibu akaitwa Mswahili. Kijiji cha Pangani kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Pumwani ipo. Yule bibi wa barabara ya Juja, pale aliposema "huyo mwanangu", hakuwa anadanganya kwa kadiri ya desturi hiyo. Ndivyo mji wa Waswahili ulivyokuwa ukiwaandikisha watu wake.

Watu hunitajia Tanzania. Wenzetu wa chama cha TANU walikichukua Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru tarehe kama ya leo, mwaka 1954, na tukiwatazama walivyotulia na makabila yao zaidi ya 120, tunasema, ona lugha ilivyofanya. Lugha haikufanya peke yake. Mwalimu wa Bukoba alipelekwa kufundisha Mtwara, na hotuba za serikali na masomo ya msingi vilikuwa kwa lugha ile ile miaka na miaka. Sisi Mzee Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike bungeni mwaka 1974, lakini hakikuwa somo la lazima la mtihani mpaka mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na lugha rasmi kimekuwa kwa Katiba ya 2010. Na anayeamini kwamba lugha moja yatosha kuzuia watu wasiuane, atazame Rwanda, ambako mwaka 1994 aliyeuawa na aliyemuua walizungumza Kinyarwanda kile kile.

Sasa niwaambie jambo linaloniuma kuliko yote niliyoyasema. Kuna Wapemba wanaoishi Kilifi na Kwale, wavuvi, familia zilizovuka kutoka Pemba vizazi vingi nyuma. Lugha yao ya kuzaliwa ni Kiswahili. Nchi hii ilikuwa na Kiswahili kwenye Katiba, ibara ya 7, lugha ya taifa, na wakati huo huo watoto wa Kipemba walikuwa hawana vitambulisho kwa sababu hawakuwa kwenye orodha ya makabila. Hawakutambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mpaka mwaka 2023. Tuliichukua lugha na kuwaacha wenyewe ufuoni. Hivyo ndivyo ile kauli ya "lugha isiyo na kabila" inavyofanya kazi ikishuka kutoka jukwaani na kufika kwenye dirisha la karani.

Ibara hiyo hiyo ya 7 inaitaka serikali ilinde lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Tunaposoma hapo tunawaza Kikuyu, Dholuo, Kiturkana. Ni haki. Nawaomba muwaze pia lahaja za Kiswahili za pwani: Kiamu, Kisiu, Kibajuni, Kivumba, Kichifundi. Hizo nazo ni lugha za nyumbani za Wakenya, na baadhi zinazungumzwa na watu wachache kuliko wanaojaa uwanja wa Nyayo. Mtoto wa huko akija darasani kwako, mwalimu, mwambie: hivi ndivyo inavyoandikwa kwenye mtihani, na hivi ndivyo inavyosemwa kwenu, na zote mbili ziko sawa. Haichukui dakika moja. Na nyinyi vijana wa pale mlangoni, hilo la "Kiswahili mingi", naomba mliache. Najua mtaa mzima unalisema. Liacheni tu.

Mtaniuliza, na wewe uliyezaliwa Eastlands, kikiwa na wenyewe, wewe uko wapi? Nimejiuliza sana. Mimi si Mkilindini wala sitajiandika hivyo. Mimi ni Mmaragoli kwa baba na Mkamba kwa mama, na lugha niliyolilia na kuotea ni Kiswahili. Nilipokelewa ndani yake, kama Wapate walivyopokelewa Mombasa, na aliyepokelewa ana haki ya kusema "kwetu". Asichokuwa na haki nacho ni kumwambia aliyempokea kwamba nyumba haina mwenyewe. Kijana yule wa kwenye kizuizi akiniuliza leo, nitamjibu: hii ndiyo lugha ya kwetu, nimeipata kwa watu fulani, na nitakutajia majina ya mataifa yao.

Lile daftari nilimwomba yule mvulana anirudishie. Chini ya ile sentensi nikaandika "Sahihi", kwa kalamu ile ile nyekundu, maana ndiyo niliyokuwa nayo mkononi. Mama yake alipokuja siku ya wazazi hakulitaja. Aliniletea mahamri kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, akaniambia bakuli analitaka mwisho wa wiki.

Sasa nakaa. Kuna mzee wetu ameketi pale mbele, amefika jana kwa gari la moshi kutoka Mombasa, naye atatusomea mashairi aliyoyatunga mwenyewe kwa Kimvita. Mwenye programu ameniuliza kama nitasimama kando yake niyatafsiri kwa Kiswahili. Nimemwambia hapana. Mzee, karibu, kipaza sauti ni hiki.